Safu Iliyokatwa na Kichuguu

Okeny alitoka kambini kwa miguu yake mwenyewe, na ndiyo sababu Lamwaka hakumsindikiza hata mpaka langoni. Mtu anayetembea hasindikizwi. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2021, na nusu ya kambi ya polisi pale Naguru ilikuwa inakohoa, nusu nyingine ikificha kikohozi chake. Okeny alivaa sweta ya kazi juu ya shati la nyumbani, akasema anakwenda kumwona daktari, atarudi kula. Lamwaka akampakulia posho na maharage, akafunika sahani kwa sahani. Jioni akapigiwa simu kwamba mumewe amelazwa, yuko kwenye oksijeni. Wiki haikuisha, simu ikalia tena, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia asihangaike kuleta nguo.

Barabara za wilaya hadi wilaya zilikuwa zimefungwa. Kitgum, alikozaliwa Okeny na ambako wanaume wote wa nyumba yao wamezikwa mbele ya milango ya baba zao, ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Gari la kupeleka maiti kaskazini halikupatikana. Wafu wa ugonjwa ule walichukuliwa na watu waliovaa mavazi meupe kama warina asali, wakazikwa katika uwanja wa maziko nje ya mji, upande wa mashariki, bila ndugu kukaribia. Lamwaka alisimama nje ya kibanda chake cha bati, majirani wakimpa pole kutoka mbali, kila mmoja mlangoni kwake, kama watu wanaosalimiana kuvuka mto.

Mtu pekee aliyempa neno la kushika alikuwa Swaib. Swaib alikuwa Mnubi, mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini hapo hapo kabla ya kuhamia Bugolobi, na wakati wa maradhi alikuwa katika kikosi cha wazikaji. Alipiga simu siku ile ile ya maziko.

"Mama Akumu, nimemsomea dua ya kwetu," alisema. "Mtanisamehe, ya kwenu siijui. Lakini nimemwandika mahali pake. Siku mkija kumchukua, ramani itawaonyesha."

Lamwaka akashukuru. Hakuuliza ni ramani ya namna gani. Alidhani ni karatasi.

Haikuwa karatasi. Swaib aliona mapema kwamba vile vigingi vya mbao vyenye majina havingefika mwaka, kwa sababu mchwa wa uwanja ule hawachagui, na watu wa jirani wanahitaji kuni. Basi kila jioni alikaa na kompyuta yake kuukuu, ambayo rafiki yake alikuwa ameiwekea mfumo mwingine, wa bure, kwa kuwa ule wa kawaida uliifanya izimike, na humo akachora uwanja mzima kwa herufi tu. Kila kaburi lilikuwa herufi mbili za mwanzo wa majina ya marehemu, kisha nafasi. Kila safu ya makaburi ilikuwa mstari mmoja. Safu ilipoishia, na mstari uliishia hapo, akashuka chini na kuanza mwingine. Chini kabisa akaandika majina kamili. Hapakuwa na picha wala rangi. Lilikuwa faili jepesi la maandishi, ambalo angeweza kumpa mtu yeyote na likafunguka popote, na kwa hilo alijivunia. Ofisi inayosimamia uwanja ilipomwomba, aliwapa kwenye flashi. Yeye mwenyewe figo zilimshinda mwaka uliofuata, akazikwa kwa heshima zote, na watu wake wakalijua kaburi lake.

Ruhusa ya ndugu kuingia uwanjani ilipotoka, Lamwaka alitaka kwenda. Mama mkwe wake akamkataza. Alisema kwa simu kutoka Kitgum, kwa ule ukali wa mtu ambaye hana kingine kilichobaki, kwamba mwanamke akienda kulia juu ya kaburi la ugenini, ile ardhi itasikia, itadhani imepewa. Machozi ya mjane ni ya kumwagwa nyumbani, na huko Kampala Okeny yuko safarini tu. Lamwaka alikuwa amesoma mpaka sekondari, alikuwa amejifunza na kupiga chapa, na maneno ya ardhi kusikia hakuyaamini wala hakuyakataa. Alitii. Akipita barabara ile kwenye basi aligeuza uso dirishani, akaliombea eneo lote kwa jumla, nyasi na waliomo. Miguu yake haikupajua mahali mumewe alipolala.

Miaka ikaenda. Kule nyumbani kila baya likapewa jina la Okeny. Ng'ombe akifa, ni Okeny analala vibaya. Akumu, binti yao, mimba zikimtoka, ni baba yake anauliza kwa nini ameachwa. Mama mkwe akaanza kuvimba miguu, akatangaza kwamba hafi. Mwanawe hajaja, yeye atakufa vipi? Nani atamwonyesha mahali? Olal, mdogo wake Okeny, ndiye aliyebeba hayo yote kichwani. Alikuwa mlinzi mkuu katika ghala moja Kitgum, mtu wa kupiga simu alfajiri na kukata kabla hujajibu. Mwaka 2024 akawakusanya wazee, wakakubaliana. Okeny arudi.

Ofisini walipokelewa na karani anayeitwa Joska, mwanamke kijana wa kwao kule kule kaskazini, mwenye adabu na sauti ya kanisani. Aliwaketisha, akawapa pole kwa Kiacholi, akalitafuta faili la Swaib kwenye kompyuta ya mezani, ya siku nyingi, ambayo feni yake ilipiga kelele kama kinu. Lilipofunguka, Lamwaka aliona mstari mmoja wa herufi unaokimbia kwenda kulia na kupotea nje ya kioo. Joska hakushtuka. Alieleza kwamba lilikuwa hivyo tangu walipoletewa, aliyelitengeneza hakujua kupanga. Akabofya mahali pa kukunja mistari, herufi zikajipanga ndani ya dirisha. Akazikuza kidogo, akazikuza tena, mpaka zikajaa karatasi kwa uzuri, safu zote sawasawa, kila moja imefika ukingoni. Akachapa. Akachukua rula akapiga mistari katikati ya safu ili macho yasipotee, na herufi za Okeny akazizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Hata Olal alisifu. Alisema huyu ndiye mtoto aliyesoma, si kama wale wa kwao Kitgum wanaosomea kuvaa miwani.

Siku ya kufukua walikuja na padri, na bwana afya mwenye glavu, na vijana wa koleo. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Vilima vya makaburi vilikuwa vimezama, na ukikaza macho uliona mabonde madogo yaliyopangana. Olal alishika karatasi kama mwenye shamba, akahesabu kutoka langoni. Walipofika safu yao, njiani kulikuwa na kichuguu kikubwa, kimekaa pale ambapo karatasi ilionyesha makaburi.

Lamwaka ndiye aliyekiona. Alimwuliza bwana afya, mbona kichuguu hakimo kwenye ramani. Bwana afya akasema mchwa hujenga haraka, huenda wameota juu ya watu baada ya ramani kuchorwa. Neno hilo lilimfanya Lamwaka ajisikie vibaya na hakuendelea kuuliza. Wakakizunguka, wakaendelea kuhesabu upande wa pili, wakachimba.

Mfuko ulitoka mzima, ule mfuko mzito wa plastiki wa siku zile. Bwana afya alikataza kuufungua, na wazee nao walikataza, kila mmoja kwa sheria yake. Padri akanyunyiza maji. Mfuko ukaingizwa ndani ya jeneza jipya, jeneza likafungwa skrubu, na Olal akaliegemea akalia kama mtoto, mkono wake umekumbatia ubao. Njia nzima mpaka Kitgum alikaa nyuma pamoja nalo. Kila walipovuka daraja alimwambia kaka yake jina la mto.

Nyumbani waliwapokea kwa vigelegele na ngoma. Mbuzi alichinjwa, na wazee wakazungumza na Okeny, wakamweleza ni nani amezaliwa na nani amefariki, wakamwomba asishike tena mtu kwa hasira. Mama mkwe alibebwa kwenye kiti akawekwa kando ya udongo mbichi. Aliweka kiganja juu yake akakaa hivyo bila kulia. Kisha akamwita Lamwaka, akamwambia sasa lia, mwanangu, sasa unaruhusiwa. Na Lamwaka alilia, machozi ya miaka yote ile, mpaka wanawake wakamshika mabega. Kabla ya mavuno bibi kizee yule akafa usingizini, ametulia, na akazikwa kando ya kaburi lile, upande wa kulia.

Mambo yangeishia hapo, na mtu mwenye moyo mzuri angeyaacha yaishie hapo. Lakini Lamwaka aliona deni la shukrani. Mwaka ulipogeuka alinunua sukari na sabuni, akaenda Bugolobi, nyuma ya maghala, kumtembelea Zuleika, mjane wa Swaib, amwambie kwamba ramani ya mumewe ilimrudisha mume wake.

Zuleika alifurahi mpaka akasahau chai jikoni. Watu wengi, alisema, walimsema Swaib kwamba anajipendekeza kwa maiti, anakaa na kompyuta kuliko na mke. "Wallahi, dada, nilimwonea wivu hata wafu," alisema, akacheka, akajifuta macho kwa mtandio. Akaitoa kompyuta chini ya kitanda, ndani ya foronya, akaichomeka kwenye umeme. Alitaka Lamwaka aione kazi yenyewe, kwa mkono wa mwenyewe. Yeye mwenyewe huifungua mara moja moja, akiwa na hamu ya kuona kitu ambacho Swaib alikigusa.

Kioo kikawaka, faili likafunguka. Lamwaka alikuwa ameshaandaa maneno ya kusifu. Akasogea karibu na kioo.

Haikuwa ramani ile. Herufi zilikuwa zile zile, lakini safu hazikulingana. Moja ilikuwa ndefu, nyingine fupi, nyingine fupi zaidi, ukingo wa kulia umekatikakatika kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Na katikati ya uwanja kulikuwa na safu iliyokatika ghafla, imebaki na watu wachache tu, na mbele yao Swaib alikuwa ameandika neno moja: kichuguu. Wa mwisho kabla ya neno hilo alikuwa Okeny.

Lamwaka aliomba aoneshwe upya, kutoka juu. Zuleika akarudisha juu. Lamwaka akatoa kwenye mkoba ile karatasi ya Joska, aliyokuwa ameikunja na kuitunza pamoja na kitabu cha sala, akaiweka kando ya kioo. Akapitisha kidole. Kwenye karatasi, lile neno la kichuguu alilikuta limesukumwa mwanzo wa safu nyingine kabisa, ukingoni, ambako macho ya wote yalikuwa yamelipita. Na mahali walipochimba, ng'ambo ya kichuguu, kwenye kazi ya Swaib palikuwa na herufi nyingine, za safu nyingine. Akashuka chini kwenye majina. Emérence, mwanamke, Mkongo, ukoo haukujulikana, hakuna aliyepiga simu.

Zuleika alikuwa anamwangalia usoni. "Amekosea?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mzee wangu alikosea?"

"Hakukosea," Lamwaka alisema. Akanywa chai, kwa sababu ilikuwa imeletwa.

Aliiazima ile kompyuta akaipeleka Wandegeya kwa fundi aliyeitwa Ongom, kwa sababu alitaka mtu amwambie kwamba macho yake yamechoka. Ongom hakumwambia hivyo. Aliangalia faili, akaangalia karatasi, akaguna kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Alieleza kwamba kila mstari ukiisha, kompyuta huweka alama isiyoonekana, na mifumo haikukubaliana alama hiyo ni ipi. Ule wa marehemu unaweka moja tu, ya kushuka chini. Ule wa ofisini umezoea mbili pamoja, ya kurudi mwanzo na ya kushuka, na programu yake ya zamani isipoziona zote mbili haivunji mstari hata kidogo. Inaendelea kuandika mbele kana kwamba mwandishi hakupumua. Ukiiambia ikunje, itakunja popote dirisha au karatasi inapoishia, si pale mwandishi alipoishia.

Lamwaka alielewa upesi kuliko alivyotaka. Kwenye mashine ya chapa aliyojifunzia, wenzo ule mmoja wa kushoto ulifanya yote mawili kwa pigo moja, ukairudisha karatasi mwanzo na kuipandisha. Hakuwahi kufikiri kwamba ni mambo mawili.

Aliuliza kama kulikuwa na njia ya kuligeuza. Ongom akaandika amri fupi, akagonga, akachomoa flashi, akampa. Hata kiti hakijapata joto. Sasa lingefunguka vizuri ofisini, alisema, safu zote mahali pake. Alikataa malipo. Akauliza, kwa kuchangamsha maongezi tu, kama lilikuwa shamba la miche.

Ofisini Joska alimkumbuka, akampokea kwa mikono miwili. Alichomeka flashi, akaangalia ramani mpya, akaangalia ya zamani. Rangi ya uso wake ilibadilika polepole, na kwa muda Lamwaka alimwonea huruma. Kisha yule binti akajikusanya, akashika meza.

"Mama, mimi sikubadilisha hata herufi moja," alisema.

Na ilikuwa kweli. Lamwaka alikaa akalifikiria jambo hilo. Herufi zote zilikuwepo. Hakuna aliyefutwa, hakuna aliyeongezwa. Watu wote walikuwamo, wamesogezwa tu.

Aliomba kaburi la kando ya kichuguu lifunguliwe. Joska alikwenda chumba cha ndani, wakazungumza huko kwa muda mrefu mlango ukiwa umerudishwa. Aliporudi hakuwa na sauti ya kanisani tena. Alieleza alichotumwa kueleza. Kwa kumbukumbu za ofisi Okeny ametoka, Olal alitia sahihi, bwana afya alishuhudia. Mtu hatoki mara mbili. Kwa kuwa Okeny ametoka, aliyebaki kando ya kichuguu, kwa vitabu vya ofisi, ni yule mwanamke wa Kikongo. Akitakiwa kufukuliwa, ombi liletwe na ndugu zake.

"Hana ndugu," Lamwaka alisema. "Imeandikwa hapo chini, hakuna aliyepiga simu."

"Basi, mama."

"Basi nini?"

Joska alimsukumia flashi yake juu ya meza taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuweza kumaliza.

Lamwaka hakumpigia Olal simu. Alikwenda mwenyewe mpaka Kitgum, maana neno kama lile halisemwi mtu akiwa hakuoni uso. Alimkuta anachonga mpini wa jembe. Akamweleza yote, kutoka foronya ya Zuleika mpaka meza ya Joska, akamwonyesha karatasi mbili, ile iliyonyooka ya Joska na ile aliyochapisha kutoka kwenye flashi, yenye ukingo kama uliotafunwa na panya. Olal aliziangalia bila kuzishika. Akauliza kama Akumu amejua. Akumu alikuwa na mimba ya miezi saba wakati huo, ya kwanza kufika huko, na ukoo mzima ulikuwa unasema baba yake sasa amelala vizuri. Lamwaka akasema hajamwambia.

Olal akaendelea kuchonga. Vipande vya mti vilimwangukia miguuni.

"Wazee wameshakula mbuzi, shemeji," alisema mwishowe. "Unataka waitapike?"

"Mle ndani kuna mwanamke, Olal. Mna mwanamke wa watu. Kaka yako yuko kwenye nyasi."

"Mama aliweka mkono pale akasema ni mwanangu. Wewe na kompyuta yako mnamjua mtoto kuliko aliyemzaa?"

Lamwaka alisema mama hakuona, hakuna aliyeona, mfuko ulifungwa. Olal akasema ndiyo hivyo, na utabaki umefungwa. Na kama anataka kumfungua, aanze kumfungua mama kando yake, amwamshe, amwambie yeye mwenyewe. Yeye Olal hana mdomo huo. Alisema hayo bila kupaza sauti. Kisha mpini ulimteleza ukamchana kidole, akakaa akiangalia damu, na machozi yakamtoka ghafla, mengi, akayaacha yatiririke mpaka kwenye ndevu. Alinyonya kidole. Akamwuliza Lamwaka, kwa sauti iliyochoka, kama kichuguu kile ni kikubwa, kama kinampa kivuli. Lamwaka akasema ni kikubwa.

Hawakulizungumza tena. Jioni mke wa Olal alipika boo, mboga ya majani ya kwao, na samaki wa kukausha, wakala. Asubuhi Lamwaka alipita mbele ya lile kaburi kabla ya kupanda basi. Wanawake walikuwa wamelipaka saruji na kuandika jina la Okeny kwa rangi ya buluu. Alisimama akatafuta la kumwambia yule aliyelala ndani, mtu asiyemjua sura wala lugha, aliyekuja mji wa watu, akafa peke yake, kisha akapigiwa ngoma kwa jina la mwanaume na kutajiwa mito yote ya njiani. Hakuwa na chuki naye. Alimwambia jina lake, Emérence, mara moja, kwa kunong'ona, kwa kuwa huko hakuna mwingine atakayelisema.

Kampala uwanja wa maziko umejaa na umezungushiwa ukuta. Lango hufunguliwa Jumamosi, kwa wenye marehemu. Lamwaka hayumo kwenye orodha ya mlinzi, kwa kuwa marehemu wake ametoka, lakini mlinzi ni mtu wa kambini na humwachia apite. Sasa anakwenda kila anapoweza, na analia huko kadiri anavyotaka, ardhi isikie au isisikie. Akumu amejifungua mtoto wa kiume, na amepewa jina la babu yake. Kitgum, upande wa kushoto wa kaburi lile lenye rangi ya buluu ni mahali pa Lamwaka. Olal ameshapapima na kupazungushia mawe, na mvua zikianza hung'oa magugu yanayoota ndani yake.